Ukuta kati ya madarasa mawili: namna ya kuwawezesha walimu kubuni pamoja

Mwalimu mmoja amepata njia mpya ya kufundisha kujumlisha sehemu. Wanafunzi wake wameelewa kwa siku mbili jambo ambalo mwaka jana liliwachukua wenzao wiki mbili. Upande wa pili wa ukuta kuna mwalimu anayefundisha mada hiyohiyo, kwa wanafunzi wa rika hilohilo, na anahangaika. Hawajazungumza. Hawajagombana pia. Kila mmoja yuko ndani kwake, mlango umefungwa, na kengele ikilia anakimbilia kipindi kingine. Muhula utakwisha, ile njia mpya itabaki kichwani mwa mtu mmoja, na siku akihamishwa itaondoka naye.

Nimekaa shuleni miaka mingi na hali hii hunisikitisha kuliko hata uhaba wa vitabu, kwa sababu hapa utajiri upo, ila haugawanywi. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliifananisha shule na trei la mayai, kila yai kwenye kishimo chake. Mpangilio huo huyazuia mayai yasigongane. Kwa walimu, huyazuia mawazo yasikutane.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa shule, wa mwalimu wa taaluma, wa mkuu wa idara, na wa mwalimu wa kawaida asiye na cheo ambaye amechoka kufanya kazi kama kisiwa. Ninaposema ubunifu simaanishi vifaa vya gharama wala maonyesho ya kuwapendeza wageni. Namaanisha swali lililoulizwa vizuri zaidi kuliko jana, zana iliyotengenezwa kwa karatasi, utaratibu mpya wa kusahihisha unaomrudishia mwanafunzi daftari lake akiwa bado anakumbuka alichoandika. Mambo madogo ambayo darasa linayahisi.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa makusudi. Shule nyingi huanzia kwenye zawadi, nami naona hapo ndipo wanapokosea.

Hatua ya kwanza: ondoa yanayokatisha tamaa

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Walichokiona ni kwamba yanayomfanya mtu aichukie kazi na yanayomfanya aipende ni mambo ya aina mbili tofauti. Malipo duni, usimamizi mbovu na taratibu zisizoeleweka humkera mtu. Ukizirekebisha, kero hupungua, lakini hilo peke yake halimfanyi ajitume. Kinachomwasha ni kuona kazi yake inazaa, kutambuliwa, kuaminiwa kubeba jukumu, na kazi yenyewe kuwa na maana.

Wengine wamelipinga wazo hili katika vipengele vyake, lakini kwa shule lina faida moja ya wazi: linakufundisha utaratibu. Mwalimu aliyekerwa asubuhi hawezi kubuni mchana. Kwa hiyo, kabla ya kuitisha kikao chochote cha ubunifu, gawa vipande vya karatasi visivyo na jina na uulize swali moja tu: ni kitu gani kinakula muda wako bila kumsaidia mwanafunzi yeyote?

Majibu mara nyingi huwa ya kawaida kabisa. Taarifa ileile inanakiliwa kwenye vitabu vitatu. Vikao virefu vya kusomewa matangazo ambayo yangebandikwa ukutani. Ratiba inabadilishwa asubuhi bila mtu kuambiwa. Ufunguo wa stoo ya zana unashikwa na mtu mmoja ambaye hayupo. Chagua kero mbili unazoweza kuziondoa ndani ya wiki mbili, ziondoe, kisha waambie walimu kwamba zimeondoka kwa sababu walisema. Ufunguo wa stoo ukitundikwa mahali panapofikika, umefanya kazi ambayo hotuba kumi haziifanyi: walimu wameona kuwa wakisema, kitu kinatokea.

Hatua ya pili: weka muda wa pamoja ndani ya ratiba

Hakuna ushirikiano usio na saa yake. Mkuu wa shule anayesema "shirikianeni" huku kila mwalimu ana vipindi mfululizo hajaomba lolote linalowezekana.

Mnapopanga ratiba ya muhula, anzeni na kipindi kimoja kwa wiki ambacho walimu wa somo moja, au wa darasa moja, wote hawafundishi. Kiwekwe kwanza, kabla ya vingine, kwa sababu kikiachwa mwisho hakitapata nafasi. Dakika 40 zinatosha. Ratiba ikikataa kabisa, chukueni kikao kimoja cha matangazo kila mwezi, matangazo yabandikwe, na saa hiyo iwe ya kazi hii. Msiupeleke muda huu jioni baada ya masomo ikiwa mnaweza kuepuka. Kinachofanywa jioni kwa hisani ya mtu huonekana ni cha ziada, na mwenye mtoto wa kumchukua au safari ndefu ya kurudi nyumbani ndiye atakayekikosa kila mara.

Hatua ya tatu: anzeni na tatizo la mwanafunzi

Kikundi kikianza kwa kuulizana "nani ana wazo jipya?", watu hutazama sakafu. Wenye maneno mengi huongea na waliobaki husubiri kengele. Anzeni na daftari. Kila mmoja alete kazi tatu za wanafunzi zinazoonyesha kosa moja linalomsumbua, bila kutaja majina.

Nichukue mfano wa sehemu niliouanza. Mwanafunzi anaandika nusu jumlisha theluthi, anapata mbili ya tano: amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kosa hili kila mwalimu wa hesabu analijua. Lakini daftari zikiwa mezani, mtu mmoja ataona jambo ambalo wengine hawajaligusia: mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Mtoto amekuwa na nusu, ameongezewa kitu, na amebaki na pungufu ya alichokuwa nacho. Wala hakushtuka.

Tatizo limebadilika sura hapohapo. Mwanzo lilikuwa "hawajui kanuni ya asili sawa", dawa yake ikawa mazoezi zaidi. Sasa ni "hawaulizi kama jibu linaingia akilini", na dawa yake lazima iwe nyingine. Kwangu mimi hapa ndipo ubunifu wa mwalimu unapozaliwa, katika kulitazama kosa la zamani kwa macho ya watu wanne. Peke yangu nimelisahihisha kosa hilo mara nyingi kwa kalamu nyekundu na nikapita.

Hatua ya nne: andaeni somo moja, mlifundishe, mlitazame

Wajapani wana utaratibu unaoitwa jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo, ambao mizizi yake inafika karne ya 19. Kikundi cha walimu huandaa somo moja pamoja kwa makini, mmoja wao hulifundisha, wengine hukaa darasani wakitazama, kisha wote hukaa chini kulijadili na kulirekebisha. Nchi nyingi zimeuiga tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hauhitaji fedha. Unahitaji hatua ya pili niliyoieleza juu, na adabu.

Tuendelee na sehemu. Kikundi kimeamua somo lianze na swali kabla ya kanuni: una nusu, unaongezewa theluthi, je, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Kisha kila mwanafunzi apewe ukanda wa karatasi wenye visanduku sita. Nusu ni visanduku vitatu, theluthi ni viwili. Apake rangi, ahesabu, aone tano ya sita kwa macho yake. Kwenye karatasi ya maandalizi mnaandika pia jambo ambalo andalio la somo la kawaida huliacha: mnatarajia wanafunzi watajibu nini, na watakosea wapi.

Mmoja anafundisha. Wengine kila mmoja anapewa wanafunzi wawili watatu wa kuwatazama kipindi kizima. Sheria ya kutazama ni hii: macho yawe kwa mwanafunzi, yasiwe kwa mwalimu. Usiandike "mwalimu aliongea haraka". Andika "huyu wa dirishani alipaka visanduku vitatu vya kwanza, kisha akapaka viwili juu ya vilevile vitatu, akahesabu, akapata vitatu, akakaa kimya".

Kosa hilo halikuwa kwenye maandalizi. Wote mlidhani mtoto angeendelea kupaka mbele, maana kwenu hilo ni dhahiri. Mwalimu aliye mbele ya darasa asingeliona. Ana watoto 40 na ubao. Mwenzake aliyekaa nyuma ameliona. Wiki inayofuata, darasa la upande wa pili wa ukuta linapewa vipande viwili vilivyokatwa tayari, kimoja cha visanduku vitatu na kingine cha viwili, wavipange wenyewe juu ya ukanda mpaka kimoja kiishie pale kingine kinapoanzia. Mabadiliko madogo sana. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni yake, na yana thamani kuliko semina nzima.

Mjadala wa baada ya somo uwe siku hiyohiyo, na uwe na mpangilio. Aliyefundisha aanze kusema, kwa sababu mara nyingi ameshajua palipoyumba, na akitangulia yeye hakuna anayehitaji kumvizia. Kisha wengine wasome walichokiandika kuhusu wanafunzi. Mwisho mwulizane: tukilifundisha tena kesho, tubadilishe nini? Mtu akisema "ungefanya hivi", msaidieni aseme "tungefanya hivi". Somo ni la kikundi, na udhaifu wake ni wa kikundi.

Hatua ya tano: fanya kukosea kusiwe na gharama

Mlango wa darasa haufungwi kwa uvivu. Unafungwa kwa hofu. Katika taaluma yetu, kila mtu aliyewahi kukaa nyuma ya darasa na kalamu alikuja kutoa alama. Mwalimu akiona kalamu, anarudi kwenye somo analolijua kwa moyo, lile lisilo na hatari na lisilo na jipya.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema wamekosea. Kwingine makosa yalifichwa. Ninaposikia shule ikijisifu kwamba walimu wake hawana matatizo darasani, nakumbuka utafiti huo.

Hapa kuna mambo matatu ambayo uongozi lazima uyafanye, na nasema lazima kwa sababu bila hayo hatua zilizotangulia huporomoka. Kwanza, tenganisheni kutazamana kwa kujifunza na ukaguzi. Maelezo ya kutazamana yasiingie kwenye faili la mtu, yasitajwe kwenye tathmini yake, na mkuu wa shule aahidi hivyo mbele ya wote. Pili, mkuu wa shule au mkuu wa idara awe wa kwanza kufundisha huku wengine wakimtazama, tena mada ngumu, tena darasa gumu. Niliwahi kufundisha somo la wazi lililonivunjikia mkononi, wanafunzi hawakuelewa hata maelekezo. Nililiweka mezani kama lilivyokuwa. Mwezi huohuo walimu wawili ambao hawakuwahi kumkaribisha mtu darasani waliniomba nikae nyuma ya madarasa yao. Tatu, linapotokea jaribio lililoshindikana, liulizeni lilitufundisha nini na mliandike, kama mnavyoliandika lililofaulu. Siku ambayo jaribio la mtu litachekwa kwenye chumba cha walimu na kiongozi akanyamaza, majaribio yatakoma.

Hatua ya sita: toa motisha inayokuza, iache inayoua

Sasa tunafika kwenye motisha, na hapa nitakaa kidogo.

Mshahara wa haki na unaolipwa kwa wakati si motisha ya ubunifu. Ni haki, na asiyeupata hawezi kuombwa lolote lingine. Suala ni lile la ziada: bahasha, cheti, picha ya mwalimu bora ukutani. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichagua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Baadhi walipewa cheti bila kutarajia, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, waliochora kwa ajili ya ahadi walionyesha hamu ndogo ya kuchora kuliko wenzao wote. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua kwa wale wa kwanza tu.

Utasema walimu si watoto. Kati ya mwaka 2006 na 2009, katika jiji la Nashville nchini Marekani, walimu wa hesabu waliojitolea kushiriki jaribio waliahidiwa hadi dola 15,000 kwa mwaka endapo matokeo ya wanafunzi wao yangepanda vya kutosha. Kwa jumla, wanafunzi wao hawakufanya vizuri kuliko wanafunzi wa walimu ambao hawakuahidiwa kitu. Fedha nyingi kiasi hicho, na darasa halikubadilika. Mimi nalielewa hivi: walimu wale hawakuwa wakificha njia bora kabatini wakisubiri walipwe ndipo waitoe. Njia bora haikuwapo. Ilihitaji kutengenezwa, na hela haitengenezi njia.

Zawadi ya mshindi mmoja ina ubaya wa pili, mkubwa zaidi kwa mada yetu. Ukitangaza kwamba mwalimu mmoja atakuwa bora mwaka huu, umemwambia kila mmoja afunge mlango. Nani atampa jirani yake njia ya sehemu ikiwa jirani ndiye mpinzani?

Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza motisha kwa miongo kadhaa, wanasema mtu hujituma kutoka ndani anapohisi mambo matatu: ana uhuru wa kuamua, anaimudu kazi, na yuko miongoni mwa watu wanaomjali. Katika shule mambo hayo yanaweza kutolewa kwa njia hizi:

- Kikundi kichague chenyewe tatizo la kushughulikia. Uongozi uweke mipaka ya mtaala na muda, uache yaliyobaki.
- Sifa iwe mahususi. "Mwalimu, ule ukanda wa visanduku umenifanya nione kwa nini wanakwama" ina uzito ambao "kazi nzuri" haina. Itolewe mapema, isingoje sherehe ya mwisho wa mwaka.
- Aliyepiga hatua apewe nafasi ya kukua: aongoze kikundi kijacho, aende kuona shule nyingine, apunguziwe zamu moja ili aandike alichokigundua.
- Fedha ikiwapo, hata kidogo, inunue vifaa vya jaribio, na kikundi kiamue vipi.
- Wazo likisafiri, jina la waliolianzisha lisafiri nalo. Sijaona kitu kinachoua ari ya mwalimu kijana haraka kama kusikia wazo lake likiwasilishwa mbele ya wageni kwa jina la mwingine.

Hatua ya saba: wazo livuke ukuta

Kilichofanikiwa kiandikwe kwenye ukurasa mmoja: tatizo, tulichofanya, wanafunzi walifanya nini, tubadilishe nini. Ukurasa mmoja tu. Ripoti ndefu haisomwi na aliyetoka kusahihisha madaftari 80. Faili likae chumba cha walimu, mahali pa wazi, au kwenye kundi la simu la idara.

Karatasi peke yake haitoshi. Mpangieni mwalimu wa pili alijaribu somo hilo, naye aruhusiwe kulibadilisha. Wanafunzi wake ni wengine, na ukimlazimisha alinakili neno kwa neno umerudi kwenye amri. Wawekeni walimu wapya karibu na wenye uzoefu katika mzunguko huu. Utafiti wa Jackson na Bruegmann wa mwaka 2009, uliotumia takwimu za shule za msingi za jimbo la North Carolina, Marekani, ulionyesha kwamba wanafunzi wa mwalimu hupata matokeo mazuri zaidi anapopata wenzake wenye uwezo mkubwa, na wanaofaidika zaidi ni walimu wasio na uzoefu mrefu. Ujuzi huambukizwa, ilimradi watu wakae karibu.

Mambo mawili yatakayokukwamisha

La kwanza ni ushirikiano wa kuigiza. Vikundi vinaundwa kwa waraka, kuna fomu ya mahudhurio, kuna muhtasari wa kujaza, na ndani yake hakuna mtu anayeleta daftari. Ukiona muhtasari ni mzuri na masomo ni yaleyale, punguza fomu. Rudi hatua ya tatu.

La pili ni mwalimu mkongwe asiyetaka. Tafadhali usianze kwa kumwita mpinga mabadiliko. Huenda ameshaona mipango mitano ya aina hii ikija kwa kishindo na kufa kimya. Usimlazimishe kufundisha mbele ya watu. Mwombe kitu anachokijua kuliko wote: wanafunzi hukosea wapi katika mada hii, na kwa miaka yote hiyo ameona nini kikisaidia? Maswali hayo nimeyauliza mara nyingi, na mara nyingi mkongwe huyo ndiye aliyekuwa na jibu tulilolitafuta muhula mzima. Hakuwahi kuulizwa.

Kama huna cheo

Huhitaji kibali cha mtu ili uanze hatua ya tatu na ya nne kwa udogo wake. Tafuta mwenzako mmoja unayemwamini. Usimwambie habari za ubunifu wala za ushirikiano. Mwambie hivi: "Mwalimu, kesho kipindi cha tatu nafundisha kujumlisha sehemu, na nina wasiwasi na swali la kwanza. Ungeweza kukaa nyuma dakika kumi na tano, uniangalizie wale wawili wa dirishani wanaandika nini?"